Pikapu Iliyokataa Kuinama

Aibu nyingine mtu huifunika blanketi ikalala, ila yangu ilikuwa na matairi manne na nusu ya Luzira iliiona, kwa hiyo chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi Uganda. Mimi nilikuwa kijana wa Kakamega niliyehamia Kisugu, Kampala, nauza mkaa kwa pikapu kuukuu niliyokuwa nikiipeleka hadi njia za porini, na springi zake zilikuwa zimechoka, ukipakia magunia tu mkia unakaribia kulamba barabara. Basi nikampata Ayikoru, binti wa mzee Draku, askari jela mstaafu aliyetoka Arua na kutulia Luzira. Siku ikapangwa niende na shangazi yangu Rebeka, tujitambulishe na kupeleka zawadi, na mzee akatuma neno kabisa kwamba asiporidhika siku hiyo nisirudi tena, maana kuna kijana wa kwao Arua anangoja.

Hapo akili ikanihama. Badala ya kufikiria maneno ya kumwambia mzee, nikawa nafikiria springi. (Nitafikaje kwa wakwe na gari linaloburuta makalio?)

Springi mpya zilikuwa hazionekani Kampala, enzi ambazo hata sabuni ilikuwa bahati, na zilizouzwa kwa mlango wa nyuma zilinizidi uwezo. Nikaenda Katwe kwa fundi Musoke, akanionyesha bamba za springi alizofungua kwenye lori bovu, bei ya kutupa. "Ssebo, bwana wangu, ongeza bamba moja kila upande, inatosha," akasema. Moja? Mimi nilishaona bei ni rahisi, nikamwambia afunge zote. Alipoiteremsha kwenye jeki, pikapu ikasimama mkia juu pua chini kama kuku anayedonoa, nami mjinga nikaiona imependeza.

Siku yenyewe tukapakia mbuzi wawili, mikungu ya matoke, kreti za soda na gunia la sukari, na pikapu haikushuka hata kidogo. Nikafurahi mpaka tulipoingia barabarani, maana kila shimo lilitutupa juu tukagonga paa, na shangazi, kilemba kimemfunika macho, akauliza, "Mwanangu, hili ni gari au unanitwanga?"

Karibu na Luzira tukakuta kizuizi cha wanajeshi. Mmoja akazunguka gari, akainama, akachungulia chini, akarudi kwangu.

"Wewe natoka wapi?"

"Kisugu, afande. Nakwenda kwa wakwe."

"Mzigo iko mingi, gari haiteremki. Kwa nini?"

Sikuelewa swali. Tangu lini gari kutoshuka likawa kosa? Akaita wenzake, wakapanda nyuma na bunduki zao, wakajibana na mbuzi, naye akainama tena. "Bado," akasema. Shangazi akaanza kusali, nami nikasali naye, ila sikujua tunaomba nini. Ishuke? Si nilimlipa fundi ili isishuke?

"Gari ya magendo ndiyo nafungwa hivi," akanieleza, taratibu kama mwalimu. "Najaza kahawa, sisi naona kama iko tupu. Na wewe nasema kama Mkenya, na hii njia nakwenda ziwani, kuvuka Kenya. Kahawa iko wapi?"

Siku zile mtu akiteremshwa kizuizini, nyumbani walikuwa hawaulizi amekwenda wapi. Nikataja jina la mzee Draku, nikalirudia, nikalirudia tena, mpaka afande akachoka. "Twende tuone," akasema, na wale wengine hawakushuka.

Basi ndivyo nilivyoingia kwa wakwe, mkia juu, bunduki zimejaa nyuma. Nyimbo zikakatika. Wageni wakaruka ua, kaka yake Ayikoru akajifungia kwenye banda la kuku na suti yake. Aliyebaki nje ni mzee Draku peke yake, kwenye kiti chake.

"Mzee, hii mtu najua?" afande akamuuliza.

Mzee akanitazama mimi, kisha akatazama gari. Niliona neno moja lake ndilo litakalonipa mke au kunipeleka nisikokujua.

"Yeye najua," akasema mwishowe. "Gari ndiyo sijui."

Afande akacheka. Wakaondoka na mbuzi mmoja na sukari yote, na hakuna aliyewauliza. Wageni walipoanza kurudi, wamejaa majani, mzee akaniuliza mbele yao wote, "Kijana, springi ya lori ni ya nini?"

"Baba, niliona haya gari lishuke mbele yako."

Akatikisa kichwa. "Mama ya Ayikoru alisimama barabarani tangu asubuhi, natafuta gari inakuja chini na mzigo. Aliona kwa mbali mkia iko juu, akarudi ndani analia. Alisema huyu nakuja mikono mitupu."

Sikuwa na pa kuweka uso. Binti alinipa, lakini kwa sharti moja: siku ya kumchukua, nije na gari lililoinama. Musoke akafungua bamba zote (akinicheka na kunitoza upya), nami nikaapa sitagusa tena springi kwa ajili ya macho ya watu.

Siku ya kumchukua Ayikoru nilipakia mpaka mkia ukaburuta vumbi la Luzira, na mbele ya mama mkwe, aliyekuwa amesimama barabarani, nikapita polepole.