Mama mkwe na chembe zisizoonekana

Leo fizikia nusura inikoseshe mume.

Bi Rukia, mamake mchumba wangu, amekuja na jamaa zake kwetu Langoni kuniposa. Akaniuliza nafanya kazi gani huko ng'ambo.

Nikamweleza kwamba tuna mtambo chini kabisa ya mgodi, tunatafuta chembe za maada ya giza. Hazionekani, ila tunaamini zimejaa ulimwengu mzima.

“Mumezipata?”

“Bado, Bi.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Mama akawakaribisha wageni halua ambayo tayari walikuwa wanaitafuna.

Bi Rukia akacheka polepole. “Mwanangu akitafuta funguo kidogo tu, hukata tamaa. Mke wa kumfaa ni huyu.”

Posa imekubaliwa, na bado natabasamu.

Nyinyi mlioolewa, wakwe zenu waliwauliza nini?