Chupa Zilizoingia Ukweni kwa Vigelegele

Aibu yangu haijapoa hata sasa, ndiyo maana watoto wa Malangali wakiniona napita huingiza kidole shavuni na kukitoa kwa kishindo, pa, kisha wanakimbia, na mimi naendelea kutembea kama mtu mwenye haraka ya kwenda kanisani. Ninyi washikaji zangu mmeisikia habari hii vipande vipande kijiweni (na Severini ameitia chumvi nyingi, hakuna nyoka aliyetoka kwenye kiroba, naapa), kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe yote, halafu tuachane nayo.

Kazi yangu mnaijua. Nanunua chupa tupu za plastiki, za maji na za soda, nazitoa vifuniko, nazisuuza, nazikanyaga zilale bapa, nazijaza kwenye viroba na kumpelekea tajiri mwenye mashine ya kukandamiza, naye anazisafirisha kiwandani zikasagwe, ziyeyushwe, zivutwe ziwe nyuzi. Ni kazi nzuri, mimi naipenda, kuna asubuhi jua la baridi linapopiga kwenye rundo la chupa uani kwangu, zinang'aa zote kwa pamoja, nikasimama na mswaki mdomoni nikasahau kupiga mswaki. Lakini mnajua kwetu mtu akirukwa na akili watu wanasemaje. Wanasema anaokota makopo.

Sasa, Skolastika, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni na ndiye aliyekuwa akinishonea viroba vyangu midomo ya kufunga kwa kamba, kwa uzi wa kijani, alikwisha kunionya kuhusu baba yake. Mzee Deograsias ni mkulima wa ulezi na mahindi, mtu wa maneno machache, na kila kijana anayekwenda kumposa binti yake humuuliza swali moja tu: unafanya kazi gani. Kijana aliyenitangulia alijibu kwamba anahangaika hangaika tu, na hakupewa hata chai. Kwa hiyo mimi na Skola tulipanga jibu. Mshenga wangu, baba mdogo Leonsi, angesema kwamba kijana wetu ni mfanyabiashara wa malighafi za viwandani. Si uongo. Na baba mdogo ni mtu ambaye akishika neno kwenye hadhara, hata mwenye nyumba husahau ni kwake.

Baba mdogo anaishi Milepa, huko chini bondeni, kwenye joto. Siku ya posa nilikodi pikapu nikamfuata asubuhi, nimevaa suti kabisa, na zawadi zilikuwa huko huko kwake: kiroba cha mchele wa bondeni na jogoo mwekundu. Tungepakia, tungepanda, basi. Ila nilipita kwa Mama Kulwa, huko huko bondeni.

Mama Kulwa ni wa zile familia zilizokuja na ng'ombe kutoka kaskazini-magharibi, anauza vinywaji siku za mnada, na kila mnada ukiisha huniwekea chupa. Siku hiyo alikuwa amejaza kiroba kizima, kimoja cha vile vyangu vya uzi wa kijani. Gari lilikuwa na nafasi, na mimi nikaona itakuwa dhambi kuiacha nafasi ile ipande mlima bure. Wanawe walikuwa wamezikanyaga chupa zikalala, kisha wakazifunga vifuniko ili zisifutuke tena, na ndani ya nyingi mlibaki pombe ya ulezi, kidogo kidogo, ya kutosha kuchekesha panya. Mama Kulwa akaniangalia ninavyokibeba.

"Mwalimu," akasema (huniita mwalimu kwa sababu ya mahubiri yangu ya usafi), "si ulitufundisha vifuniko vitoke kwanza, na maji yapite?"

Nikamwonyesha suti. Nikamwambia nitavitoa nikifika nyumbani. Hapo ndipo siku yangu ilipoharibika, ila ilichukua muda kunipa taarifa.

Maana pombe ya ulezi hailali. Ukiifungia inaendelea kuchemka yenyewe taratibu, inatoa hewa, na hewa inatafuta pa kwenda. Tulipoanza kupanda kutoka bondeni, jua linapiga turubai, na kule juu hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi, zile chupa zilizolala zikaanza kuamka. Tak. Tukapita kona. Tak, tak. Dereva akauliza ni nini, nikamwambia ni jogoo anapiga teke. Baba mdogo hakusikia chochote, alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti, amefika kwenye sehemu ya ukoo wetu.

Mpango ulikuwa nishushe kiroba kwangu kwanza. Lakini njiani baba mdogo alikumbuka amesahau kofia yake, na mshenga bila kofia (kwa maelezo yake) ni mpita njia tu, tukageuza gari, tukarudi, na tulipofika mjini muda ulikuwa umekwisha kabisa. Tukanyoosha moja kwa moja hadi Malangali kwa kina Skola, nikijiambia kwamba kiroba kitakaa kwenye gari, kitaona nini.

Sikujua, au nilijua na nikasahau, kwamba wageni wa posa hawashushi mizigo wenyewe. Kabla sijafungua mlango, kina mama walikuwa wameshalizunguka pikapu kwa vigelegele, turubai limevutwa, mchele umeondoka, jogoo ameondoka, na Shangazi Gaudensia, dada yake mzee Deograsias, mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, amekumbatia kiroba changu. Akakinyanyua. Akakiona chepesi. Akakibonyeza kikabonyea, maana kilikuwa kimevimba kizuri, cha duara. Ilikuwa Julai, na mnajua upepo wa Julai hapa kwetu, unaingia kwenye sweta kama mwenye nyumba. Nikauona uso wa shangazi unavyowaka.

"Mablanketi," akawaambia wenzake. "Kijana ana akili."

Vigelegele vikaongezeka maradufu.

Nikataka kusema. Ila anayeposa hasemi, mshenga ndiye anayesema, nilikwisha kuonywa kwamba mdomo wangu ukifunguka bila kuulizwa ni faini. Nikambonyeza baba mdogo kwenye mbavu, naye akadhani namhimiza aanze, akarekebisha kofia, akaingia ndani mbele yangu kama askofu.

Sebuleni watu wamejaa, katikati kuna jiko la mkaa limekolea, na pembeni ya jiko, kwenye mkeka, ameketi Bibi Oresta, mama yake mzazi mzee Deograsias. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kiroba kikawekwa kando yake. Bibi akakipapasa, akanitazama kwa upendo ambao sikuustahili, kisha akakivuta karibu na moto na kukiegemea. Nikageuka mlangoni nikamwona Skola anachungulia, kitenge kipya, nywele zimesukwa, na macho yake yakatua kwenye ule uzi wa kijani. Sijawahi kuona mtu anapauka nikiwa ndiye sababu.

Baba mdogo akasema, na kwa kweli alisema vizuri. Alitoka kwenye ukoo akaja kwenye mvua, akatoka kwenye mvua akaja kwenye ua zuri lililoonekana katika bustani hii. Nyuma ya sauti yake mimi nilisikia, tak, na Bibi akajishika mgongo, akadhani ni wake. Kisha mzee Deograsias akainua mkono.

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Mzee mwenzangu, huyu ni mfanyabiashara. Malighafi za viwandani."

"Malighafi gani?"

Kiroba kikajibu. Pa.

Kifuniko cha kwanza kilitoboa kiroba na kwenda kugonga picha ya familia ukutani. Cha pili kilifuata kabla watu hawajaelewa cha kwanza. Bibi akavutwa pembeni na wajukuu, mtu akasema ni nyoka, Shangazi Gaudensia (yule yule wa mikono) akapanda juu ya kochi, na mjomba mmoja akachukua mpini wa jembe akaanza kukipiga kiroba, na kwa wale msiojua, chupa yenye hewa iliyokasirika haitulizwi kwa mpini. Zikapasuka kwa mfululizo. Mshono wa Skola ukaachia, na chupa zikamwagika sebule nzima, povu la ulezi likaruka kwenye shati jeupe la mzee, likaingia kwenye jiko, jiko likatoa mvuke, na nyumba nzima ikanuka kilabu asubuhi ya Jumatatu.

Mjomba akashusha mpini. Chupa moja ya kijani ikabingirika taratibu hadi kwenye kiatu cha mzee. Akaiokota. Akafungua kifuniko, ikatoa pumzi ndefu. Akaniangalia mimi, si mshenga. Baba mdogo Leonsi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa anatazama sakafu.

Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa na habari za mashine na nyuzi na viwanda. Yaliyotoka ni haya:

"Naokota makopo, mzee."

Kuna mtu alichekea puani, akajizuia. Mzee hakucheka. Akaiweka chupa chini na kuanza kunyanyuka, na nilijua mtu wa namna ile akinyanyuka hoja imekwisha, nikajiona narudi nyumbani na jogoo.

Hapo Skola akaingia. Hakumtazama mtu. Akapiga magoti katikati ya sebule na kitenge chake kipya, akachukua chupa, akazungusha kifuniko, akakiweka kulia, akamwaga masalia kwenye beseni, akaikandamiza kwa kiganja ikalala, akachukua nyingine. Kwa mwendo ule ule wa Jumamosi uani kwangu. Chupa ya tatu, ya nne. Baba yake akabaki nusu amekaa.

"Wewe kazi hii umeijulia wapi?"

"Kwake, baba. Huwa namsaidia. Leo hakuvitoa vifuniko."

Alinisema mbele ya ukoo mzima, na sijawahi kusemwa vizuri vile. Nikavua koti, nikapiga magoti upande wa pili wa beseni.

Aliyeivunja kesi ni Bibi Oresta. Alisema kwa Kifipa, na Shangazi Gaudensia akateremka kwenye kochi ili atafsiri kwa heshima, kwamba yeye na chupa hawana ugomvi, watu wote humu wanakunywa maji, ila anauliza blanketi lake liko wapi. Wazee wakateta. Ikatoka faini: tusafishe sebule, mimi na mshenga, kisha nirudi Jumapili na blanketi, jibu nitapewa siku hiyo. Kwa hiyo kama mliambiwa kwamba baba mdogo Leonsi alionekana amevaa kofia yake na kubeba ndoo ya maji machafu uwanjani Malangali, hamkudanganywa.

Jumapili nikarudi na blanketi zito, laini, lenye maua makubwa, nililolichagua sokoni kwa mikono yangu, na kwa kuligusa tu nilijua nyuzi zake ziliwahi kuwa chupa. Nikaamua kunyamaza. Bibi akalipokea, akalikunjua, akajitupia mabegani juu ya sweta lake la sufu, na hewa ya Julai mnajua ilivyo kavu. Likasuguana na sufu, likatoa vicheche, likalia. Ta-ta-ta-ta, kama mahindi madogo kwenye kikaango.

Sebule nzima ikageuka kunitazama. Mjomba akaangalia mpini ulipo. Mzee Deograsias akainama, akalisikiliza blanketi la mama yake, akainua kichwa.

"Na hili nalo?"

Nikamtazama Skola. Skola alikuwa anauma kitenge asicheke.

"Na hilo nalo, mzee."

Sijui ilianzia wapi, nadhani ilianzia tumboni mwake, lakini mzee yule wa maneno machache alicheka hadi akaishika nguzo ya mlango, akasema nipewe chai.

Ndiyo hivyo. Siku hizi chupa hainipandii gari kabla sijaitoa kifuniko, hata nikiwa kwenye suti, hata nikiwa naozwa. Na Bibi Oresta huenda misa ya kwanza amejifunika blanketi lile, na wakitoka nje anawainamisha wenzake mmoja mmoja wasikilize.