Kikombe cha Shaba cha Old Kampala

Mimi ni Mkenya, muuza vipuri. Nilipanga nyumba ya zamani ya Wahindi huko Old Kampala, miaka ile walipoanza kurudi baada ya kufukuzwa nchini. Siku moja shemeji yangu mwanajeshi aliniazima mashine ya kutafutia vyuma ardhini, nayo ikalia nyuma ya jiko. Nikachimba, nikatoa kikombe kipana cha shaba, kimenakshiwa maua.

Nikaanza upelelezi. Sonara wa mtaani akasema, "Hii ilikuwa ya mutu mukubwa." Hilo likanitosha. Nikakisugua kwa ndimu na majivu, nikawatangazia majirani kwamba ni cha mfalme, na kila asubuhi nikawa nakinywea uji kwa madaha.

Kisha mwenye nyumba, mama mzee wa Kihindi, akaja kuiona nyumba yake. Kwa kuhofia kufukuzwa, nilimkaribisha mbele ya majirani, nikapiga funda kubwa la juisi kutoka kikombe kile kumwonjea mgeni, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Machozi yakamlengalenga. "Cha baba! Kila jioni alitafuna tambuu hapo barazani."

Nikaitikia kwa kichwa, mashavu bado yamejaa juisi.

"Na humu, mwanangu, ndimo alimokuwa akitemea mate yake mekundu."

Majirani wote wakanikodolea macho, wakingoja kuona kama nitameza au nitatema.