Aliyesali Juu ya Jiwe Jekundu

Cheka ukitaka, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, jua la utosini, na akili zangu timamu. Mimi si mtu wa kutishwa na vivuli. Nilitoka Jadida, kwetu Pemba, na mkoba mmoja, nikaosha vyombo Uingereza hata nikajisomesha, nikarudi mwaka wa 1960 na diploma ya miamba. Wete nzima, nani mwingine alikuwa nayo?

Alhamisi moja nilikwenda Makangale kukata vipande vya jiwe jekundu. Jiwe lile lina chembe za chuma. Lilipokuwa likifanyika, chembe zilielekea kaskazini ya zama zile, kama sindano ya dira, zikaganda hivyo. Ukizipima, unajua nchi ilivyosogea na kuzunguka. Nilikuwa na furaha kubwa, maana kesho yake wazee wa msikiti wetu walitaka nisalishe alasiri. Baba angeniona. Tangu nirudi alikuwa hajanisifu hata mara moja.

Juu ya jiwe nikamkuta mtu wa rika langu, simjui, anasali. Kibla ya Pemba ni kaskazini, hata mtoto anajua. Yeye kaelekea mashariki! Alipotoa salamu nikamwonyesha dira.

"Bwana, umekosea kibla. Kaskazini hii hapa."

"Kaskazini ya lini?" akauliza kwa upole.

"Kaskazini ni moja!"

"Haya, bwana." Akatabasamu, akasimama kusali sunna, vile vile.

Nikamshika mabega nimgeuze. Wallahi, yalikuwa na joto la jiwe lililopigwa na jua, wala hayakutikisika. Niliyegeuka ni mimi. Nilipojiweka sawa, hapakuwa na mtu. Nikakata vipande vyangu nikaenda zangu. Msomi mzima ningeogopa nini?

Ijumaa nikasimama mbele ya safu. Kabla sijanyanyua mikono, nikamsikia baba: "We mwanangu, wendapi? Kibla huku!"

Nilikuwa nautazama ukuta wa mashariki. Nikajirekebisha, mwili ukarudi kule kule.

"Ulaya imempindua," mtu akasema, wakacheka. Baba hakucheka. Alinirudisha safuni, akasalisha yeye.

Baadaye majibu ya maabara nilikopeleka vile vipande yakaja. Chembe za jiwe lile zinaelekea alikoelekea yule mtu. Niambie wewe, alijuaje?

Mpaka leo siwezi kusali bila mtu wa kunielekeza. Baba hakunisifu kamwe, lakini kila tuliposali pamoja, hadi alipofariki, alinishika mabega akanigeuza taratibu, bila neno. Sasa ananigeuza mke wangu.

Nawe ukimkuta mtu ametulia katika sala, kaelekea upande usioujua, mpite. Usimguse.