Siku Haji Nuru Alipomiliki Mifugo Yote ya Isiolo

Jamani, aibu hii nikiikumbuka mpaka leo najifunika uso, na naisimulia tu kwa sababu mtaisikia kwingine imetiwa chumvi zaidi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye ofisi ya mnada wa mifugo (kompyuta yenyewe kubwa kama friji ya bucha, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuishinda), mkubwa wangu akaniambia waandishi wa programu wanakuja kutoka Nairobi, niwafungulie data yetu kwa SQL, ile lugha ya kuiuliza kompyuta maswali. "Lakini wapewe ruhusa ya kutazama tu," akasisitiza. "Kugusa, hapana!"

Wageni wakafika na vumbi na njaa, na mimi nilivyolelewa, mgeni hafunguliwi mlango nusu, kufanya hivyo ni kumtukana, basi badala ya kuwatengenezea ruhusa yao ndogo nikawapa neno langu la siri, lile la kufungua kila kitu. "Karibuni, hapa ni kwenu."

Mmoja akauliza kama anaweza kujaribu kubadilisha kitu, nami kwa kujishaua nikamwambia kuna beberu wa pembe moja Haji Nuru amenunua juzi, amwandikie (Haji huyu ni babake Halima, na Halima ndiye niliyepanga kumposa Ijumaa hiyo). Akaandika mwenye mnyama awe Haji Nuru, akasahau kutaja ni mnyama yupi, na kompyuta haina adabu ya kuuliza. Tukaenda zetu kula nyama.

Kesho yake mnadani, dalali akashika kipaza sauti na karatasi zilizotoka kwenye printa. "Fahali mwekundu, ya Haji Nuru! Ngamia jike, ya Haji Nuru! Punda, ya Haji Nuru!" Haji, aliyekuja na beberu wake tu, akaanza kurudi nyuma polepole.

"Haji! Hata ngamia yangu?" mzee mmoja Mborana akafoka. "Si nimekamua leo asubuhi!" Mama mmoja Mmeru alikuwa amekumbatia shingo ya punda wake, anaapa hatoki hapo.

Mimi nimejificha nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe akasogea.

"Wewe!" Haji akaniona. "Kompyuta si ni yako?"

Mnada ulisimama mpaka nikarudisha data kutoka kwenye tepu ya nakala niliyohifadhi kabla wageni hawajafika. Ijumaa nikaenda kuposa hivyo hivyo.

"Salaam aleikum, Haji."

"Aleikum salaam. Asubuhi ulinipa mifugo yote ya Isiolo, alasiri ukaninyang'anya. Sasa unataka msichana?"

Nikamweleza yote, mpaka ile ruhusa ndogo niliyoagizwa kuwapa wageni nisiwape. Akakuna ndevu, akafikiria.

"Basi uwe unakuja Ijumaa, unakaa hapo, mamake akiwepo. Kutazama tu. Kugusa, hapana."

Nilitazama mpaka Ramadhani ikaja ikapita ndipo akanipa mke, na tangu hapo mgeni wangu nampa chai, nampa nyama, nampa kitanda changu nilale chini, lakini neno langu la siri, hata awe Haji mwenyewe, simpi.