Mwalimu wa Karanga za Maji

Nilimwaga karanga zote mezani kwa bwana wa ghala la mbegu, nyingine zikamwangukia mapajani. Shamba langu la ng'ambo ya mto, Alunguli, nililolipanda karanga zake, lilikuwa bado udongo mtupu na mvua inanyesha. Msimu ukipita hivyo, wanangu watakula nini? Naye ananiambia kwa upole wa kuchefua: "Mama, mbegu iko muzuri. Njo weye haujue kupanda." Mtoto mgongoni akaanza kulia. Nilikuwa bado natafuta tusi la kumfaa simu ilipolia: mwalimu wetu wa biolojia, ambaye darasa zima tulimwita Madamu, ametutoka asubuhi hiyo. Nikaketi palepale juu ya gunia. Wasomaji wangu wa safu hii mmezoea kunisoma nikiwa nimekasirika. Leo namkumbuka mtu, ingawa hasira haijaondoka.

Siku moja Madamu alituletea darasani karanga changa, zile ambazo ganda lake bado laini, akataka kila mmoja apasue na kubana kijimbegu kilichomo. Maji ya changu yalimrukia jirani yangu jichoni. "Madamu, huyu ananitemea mate." "Si mate, baba. Njo chakula ya mutoto ya mbegu." Kisha akaeleza: mbegu ikiwa changa kabisa, ndani yake si kitu kigumu bali majimaji, na majimaji hayo huisukuma ngozi kutoka ndani kama hewa ndani ya mpira, ngozi inanyooka, mbegu inakua. Tukaandika, tukafaulu mtihani, tukasahau. Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba ya kwanza, alinishika mkono katikati ya soko, beseni la mihogo lingali kichwani pangu. "Weye, nilikufundisha nusu." "Nusu gani, Madamu?" "Ile ya karanga. Nimesoma tena. Wamepima kwa kimumea kingine, si karanga, lakini sikia. Ngozi ya mbegu si mufuko. Inasikia ile kusukumwa, halafu inajikaza. Kusukuma kulekule kunakokuza, njo kunakosimamisha." Nikamwambia basi ikisukumwa kwa nguvu zaidi itakuwa kubwa zaidi. Akacheka. "Hapana, mama. Ikisukumwa sana mapema, ngozi inakaza mapema. Inabaki kadogo." Watu walikuwa wanatusukuma kupita, na yeye hajali. Somo la zamani lilikuwa limebaki nusu, na hakutaka nife nalo hivyo.

Wakati wa vita nilikuwa mtoto, na yeye alikuwa jirani yetu. Wenye bunduki walisubiri mashamba yakomae ndipo waje kuvuna wao, kwa hiyo akina mama wakajifunza kung'oa karanga kabla ya wakati. Tulizichemsha. Zilikuwa tamu, zimejaa maji, tulishiba. Lakini zile walizoanika kwa ajili ya kupanda zilinywea, zikawa na makunyanzi kama ngozi ya mkono wa bibi, na hazikuota. Madamu naye aling'oa, alikuwa na watoto. Ila aliuacha mstari mmoja ukomae. Mama yangu akamcheka: "Unalimia waaskari." "Wacha wakule," akajibu. "Wakisahau mashina kidogo, tutapanda." Wakasahau kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichotupandia msimu uliofuata, sisi na majirani.

Watu hutusifu sisi tuliokulia vitani kwamba tu wagumu. Mimi sifa hiyo siitaki. Tulisukumwa mno tungali wadogo, tukakaza kabla ya kukua. Mwanangu akichelewa kuwa mgumu, nitamshukuru Mungu.

Basi pale juu ya gunia nikazitazama zile karanga mezani, nikayaona makunyanzi yaleyale. Vita vimekwisha, lakini siku hizi wafanyabiashara wanaopeleka karanga mbichi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Kampene hulipa papo hapo, na wakulima wanang'oa kabla ya wakati. Zinazobaki zinaanikwa, zinaingia ghalani, tunaambiwa ni mbegu. Nikashusha pumzi ndefu. Tangu shamba ligome, mama mkwe alikuwa akinung'unika kwamba mkono wangu una mkosi, nami nilikuwa nimeanza kuamini. Kumbe sivyo. Husemwa mvumilivu hula mbivu; hawaongezi kwamba asiyevumilia humpandisha mwenzake mbichi.

Madamu tulimzika alasiri ileile. Kesho yake nikaenda ofisi ya kilimo. Msihangaike: mbegu nyingine tumepewa, zangu zimeota, na mama mkwe amenyamaza. Niliyoandika huko ofisini ni haya:

"Mimi, mama na mkulima wa Alunguli, nashitaki ghala la mbegu. Karanga ambazo ghala limetupatia ziling'olewa changa, nazo haziwezi kuota hata zikipandwa na malaika. Naomba tupewe zilizokomaa kabla mvua haijatuacha. Naomba pia bwana wa ghala asimwambie tena mwanamke yeyote kwamba hajui kupanda, mpaka kwanza yeye mwenyewe amepasua ganda moja na kutazama ndani."