Nilikuwa napanga orodha ya makala za bosi wangu, nikakuta kosa langu mwenyewe kwenye picha ya ini

Wakuu, habari za mahangaiko.

Hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka. Leo nalisema lilivyokuwa, na pale ninapoonekana vibaya sitaparuka. Majina nimebadilisha, chuo sikitaji.

Kiswahili changu ni cha kambini. Mzee wangu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na mimi nimekulia kambi ya polisi hapahapa Kampala. Walimu wa sarufi mnivumilie.

Mimi ni fundi wa maabara. Naletewa kipande cha pafu au cha ini, mara nyingi la panya wa utafiti. Nakizamisha kwenye nta, ikiganda nakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi, navibandika kwenye vioo, navitia rangi, napiga picha kwa darubini. Wenye digrii kubwa wanazisoma hizo picha na kuandika makala.

Kazi haina sifa. Lakini nikikosea mimi, wote juu yangu wamekosea.

Bosi wangu nimwite Dokta Furaha. Mkongomani wa Bukavu, alikuja hapa kama mkimbizi, akaanzia chumba kimoja Namuwongo na dada yake. Vyeti vyake vyote vilibaki kwenye nyumba ambayo sasa haipo. Alianza kusoma upya na watoto aliowazidi umri, akaenda mpaka PhD.

Aliwahi kuniambia, "Wengine iko na shamba kwao. Mimi niko na makala zangu tu."

Mwaka juzi akaomba kupandishwa kuwa profesa. Walioko vyuoni mnajua: unapimwa kwa ulichochapisha. Akaniita.

"Opio, nisaidie kupanga orodha. Tafuta kila PDF, angalia majina na kurasa. Macho yangu yamezoea, hayaoni tena makosa."

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Kuna mkubwa mmoja alikuwa akimsema kwamba hana msimamo. Leo mapafu, kesho ini, keshokutwa seli kwenye vyombo. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo.

Nilipozipanga kwa miaka ndipo nikaelewa. Makala za mapafu zilikuwa za akina mama wanaopika kwa mkaa na kuni, kama wale wa Kalerwe wanaoshinda kwenye moshi. Za ini zilikuwa za homa ya ini. Za seli zilikuwa za panya na vyombo vya maabara. Ila swali lilikuwa lilelile kote: kwa nini mwili ukishajeruhiwa unaendelea kutengeneza kovu hata pale unapotakiwa kuacha? Pafu likijaa kovu halitanuki. Ini likijaa kovu linakakamaa.

Miaka yote hiyo nakata tu, sikuwahi kuliona.

Sasa turudi.

Nikafungua makala moja ya ini. Hiyo ilikuwa inatajwa sana na watafiti wengine. Ilisema kuna dawa tuliyowapa panya na makovu ya ini yakapungua. Jina langu lilikuwemo, la nne, mara yangu ya kwanza kuandikwa kwenye makala.

Nikaangalia picha ya panya waliopewa dawa. Nikaona mistari miwili.

Kisu cha mashine kikiwa na pengo, kinaacha mstari ulionyooka kwenye kila kipande kinachokatwa siku hiyo. Mtu mwingine hauoni. Aliyekata anauona. Na mistari hii miwili, mmoja mnene na mmoja kama unywele, nilikuwa nimetoka kuiona dakika chache nyuma, kwenye makala ya zamani zaidi. Panya wengine, ambao hawakuwahi kuonja hiyo dawa.

Nikaziweka picha mbili pamoja. Ilikuwa picha ileile.

Nikazifunga, nikazifungua tena, bado ileile.

Nikarudi kwenye kompyuta ya maabara. Kumbe nilipohamisha mafaili miaka ile, nilimwaga folda ya zamani ndani ya folda mpya. Zaidi ya nusu ya picha za "waliopewa dawa" hazikuwa zao. Vipimo vyote vilitoka kwenye picha hizo.

Hakuna aliyechakachua data. Ni mimi, nilikuwa na haraka, nikabonyeza pasipo kuangalia.

Wakuu, nilinyamaza siku tatu. Huu ndio ukweli nilioahidi. Nilikuwa najiambia makala imeshapita wahariri, nani atakuja kutazama mistari ya kisu? Nilikuwa nawaza kazi yangu, nawaza na uprofesa wake. Nikimwona koridoni najifanya nina simu.

Siku ya nne asubuhi nikaingia ofisini kwake na picha zote mbili. Nikamwonyesha, nikamweleza folda, nikasema ni mimi.

Alizisogeza dirishani, akafuata mistari kwa kidole. Hakupaza sauti. Akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

Nikadhani sasa ananiambia tufunike.

"Hakuna, Dokta. Mimi na wewe."

"Basi usiseme mpaka jioni. Nataka wenzangu tulioandika nao wasikie kwangu, wasisikie kwa watu."

Kisha akasema, "Nta za wale panya bado ziko?"

Zilikuwepo. Nilizikata upya zote, yeye amekaa pembeni yangu anaandika namba kwa mkono. Tulikuwa tunaomba matokeo yabaki yaleyale, tubadilishe picha tu, tuombe radhi, yaishe.

Hayakubaki. Kwenye picha za kweli, dawa haikufanya chochote cha maana. Makovu yalikuwa palepale.

Alivua miwani akafuta machozi na koti la maabara. Akasema tu, "Ee Mungu wangu, Opio." Ningependa kuwaambia nilimfariji, lakini nilikaa nikitazama sakafu.

Wiki hiyohiyo akaliandikia jarida kuomba makala iondolewe. Alieleza kosa lote, na aliandika "maabara yetu," hakuandika jina langu. Nilimwambia aliweke. Akakataa.

"Folda ulichanganya wewe. Kuangalia ilikuwa kazi yangu. Sikuangalia."

Kwenye orodha ya kamati ya uprofesa aliniambia niiache makala palepale kwa mwaka wake, mbele yake niandike kwamba imeondolewa kwa ombi la waandishi.

Uprofesa hakupata. Walimwambia aombe tena baadaye. Yule mkubwa aliyekuwa akimsema, sasa alikuwa na la kusema.

Miezi ikapita, ikaja email kutoka kwa binti mmoja anayesoma PhD nchi jirani. Dokta akanigeuzia kompyuta nisome. Binti alikuwa amejaribu kurudia utafiti wetu mara nyingi, ukagoma kila mara. Msimamizi wake alishaanza kumwambia hana mkono wa maabara, afikirie kazi nyingine. Alimaliza hivi: "Nilikuwa nalia nikidhani mimi ndiye mjinga. Asanteni kwa kusema."

Hiyo barua ilinipiga kuliko yote. Nilipokuwa nimenyamaza siku zile tatu, nilikuwa namhesabu Dokta na kujihesabu mimi. Huyu sikujua hata kama yupo.

Ikabaki kumwambia mzee. Yuko na ukurasa wa kwanza wa ile makala, ameuweka kwenye fremu sebuleni, kando ya picha yake ya kustaafu. Hasomi Kiingereza cha sayansi, ila jina langu analionyesha kila mgeni.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo karatasi iondoe. Imekataliwa. Ilikuwa na kosa, na kosa ni langu."

Akaniuliza kipolisi kabisa: "Mlisema wenyewe au mlikamatwa?"

"Tulisema wenyewe."

Akaitazama fremu, akainyoosha kidogo maana ilikuwa imeinama. "Basi haiondoki."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba orodha ya kazi za mtu inasomwa na watu asiowajua, na wao wanajenga juu yake. Ukijua tofali lako ni bovu ukanyamaza, ukuta unamwangukia mwingine. Na zile siku tatu sizisahau, maana nilikaribia sana kuzifanya maisha yangu yote.

Dokta ameomba tena mwaka huu. Bado tunasubiri jibu. Mimi bado nakata, na sasa kila folda anaifungua yeye pia.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kugundua kosa lake kazini wakati hakuna mwingine anayejua? Ulifanya nini? Na kama ulinyamaza, andika pia. Mimi sina ubavu wa kukuhukumu.